Sharbati ya Gatitu: Gilasi ya Heshima Isiyohitaji Chupa

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Ni neno zuri, lakini hawakutueleza mgeni naye apone vipi iwapo mwenyeji, kwa mapenzi na ukarimu wake wote, amemkabidhi gilasi ambayo dini haimruhusu kuitia kinywani. Jambo hilo, wasomaji wapenzi, lilinifika mimi mwenyewe huko Gatitu, na huenda likawafika wengi wenu, maana watoto wetu wa pwani siku hizi wanaoa na kuolewa kila pembe ya nchi.

Gatitu ni kiungani mwa mji wa Nyeri, katika wadi iitwayo Gatitu/Muruguru. Tulikwenda huko kumposea mwana wa kaka yangu. Tulitoka Mombasa usiku, tukapita Nairobi, na baada ya mwendo wa zaidi ya kilomita 600 tukashuka katika baridi ya Julai ambayo ilitufanya sisi akina mama tujitande leso mbili mbili juu ya mabuibui. Tulipokewa kwa nyimbo na vigelegele. Tukakalishwa barazani, na mbele yetu likaletwa bakuli kubwa la kioo, limejaa kinywaji chekundu kama maji ya komamanga, juu yake vikielea vipande vya limau. Harufu yake ilikuwa ya pasheni na asali. Nami nilikuwa na kiu ya safari.

Nikapokea gilasi, nikapiga bismillahi. Kabla haijanifika mdomoni, mama wa bibi arusi alitoka jikoni mbio.

"Mama, hapana kunywa hiyo! Hiyo vijana wamechanganya na wiski."

Baraza zima likawa kimya. Vijana wenyewe, kaka zake bibi arusi, waliinamisha vichwa. Hawakufanya kwa ubaya hata kidogo. Waliona aibu kuwapa wakwe kutoka mbali soda za dukani, wakaamua kutengeneza kinywaji cha fahari kama walichokiona katika mahoteli ya Nairobi. Matunda yao yalikuwa matamu hata pombe ikajificha ndani yake. Na hapo ndipo penye hatari ya vinywaji vya namna hii: jicho halioni kitu, na pua hudanganywa na limau. Basi ndugu msomaji, ukiwa ugenini na bakuli la matunda limewekwa mbele yako, uliza kwa upole kabla ya kuonja. Kuuliza si ukosefu wa adabu.

Lakini kukataa gilasi katika nyumba ya Kikuyu siku ya posa si jambo jepesi. Posa yao huitwa ruracio, na tangu kale wazee hukalia kinywaji kiitwacho muratina. Hiyo ni pombe ya asali au ya maji ya miwa, na jina lake limetokana na tunda la mti ambao sisi twauita mwegea. Tunda hilo hukaushwa, kisha hutiwa ndani ya maji matamu ili yachachuke. Mzee huyashika yale maji mkononi anapotoa baraka. Kwa hiyo anayeirudisha gilasi aweza kufikiriwa kuwa amerudisha baraka. Sisi tulijua katazo letu, lililo wazi katika Suratul Maida, na wao walijua mila yao. Posa ya kijana wetu ikawa inaning'inia kati ya hayo mawili.

Mama yule ndiye aliyeiokoa siku. Alikuwa ameweka kando jagi la maji ya matunda, kabla chupa haijafunguliwa, kwa ajili ya watoto. Akalichukua, akalitia chai ya rangi nzito iliyobaki asubuhi na kupoa, akapondea tangawizi, akaongeza asali. Gilasi ya kwanza akampa mzee wa nyumba. Sote tukatazama. Mzee akaonja, akatikisa kichwa, akasimama nayo mkononi, akatoa baraka kwa lugha yao mpaka mwisho. Kisha akatugeukia na kusema kwa Kiswahili kwamba baraka hutoka kwa mzazi, hazitoki kwa pombe.

Baadaye nilifahamu kuwa neno hilo halikumwia gumu. Familia nyingi za kanisa katika sehemu hizo zimekwisha kuiondoa pombe katika ruracio, zikatia soda, maziwa au uji mahali pake. Na akina mama wa huko wana sababu zao za kuichukia chupa. Mwezi wa Mei 2014 watu wengi walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya, zikiwamo Embu na Kiambu, kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mwezi wa Februari 2024 msiba kama huo ulikipata kijiji cha Kangai, Kirinyaga, jirani na Nyeri, na zaidi ya watu kumi wakafa. Methanoli ikiingia mwilini hugeuka kuwa asidi inayopofusha macho na kuua. Mama aliyeyaona hayo hahitaji kuhubiriwa na mgeni.

WISKI HULETA NINI?

Yafaa tujiulize: wale wanaochanganya wiski na matunda, hutafuta nini zaidi ya ulevi? Jina lenyewe ni la lugha ya Kigaeli, na maana yake ni maji ya uhai, jambo ambalo mama wa Gatitu angelicheka kwa uchungu. Wiski itokapo kwenye mtambo haina rangi, ni nyeupe kama maji. Rangi ya kahawia na ule ukakasi wa ulimi huipata ndani ya mapipa ya mti wa mwaloni. Harufu ya moshi, katika baadhi ya wiski za Uskochi, hutokana na mboji kavu ichomwayo kukaushia shayiri. Na moto wa kooni ni wa kileo chenyewe.

Sasa tazama. Ukakasi na rangi ya kahawia vimo katika chai nzito, na Nyeri ni nchi ya chai. Viwanda vya Chinga na Gathuthi viko huko huko. Moto wa kooni tunao katika tangawizi. Uchachu tunao katika ndimu na ukwaju. Ama moshi, hakuna wa kutufundisha sisi watu wa pwani, ambao bibi zetu walikuwa wakifukiza mitungi ya maji kwa ubani kabla wiski haijajulikana barazani kwetu. Yote mazuri yaliyomo katika gilasi ile tunayo, ila kileo tu, nacho hatukihitaji.

JINSI YA KUTENGENEZA

Kwa gilasi sita au saba, tafuta matunda damu 8 yaliyoiva vizuri. Haya ni yale matunda mekundu ya mviringo mrefu kama yai, yastawiyo katika baridi ya milimani. Asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Mombasa utayapata katika soko la Kongowea. Tafuta pia pasheni 4, ndimu 2, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, iliki 4, majani ya chai kijiko kikubwa kimoja, na asali vijiko vikubwa vinne.

Chemsha maji vikombe vitatu pamoja na tangawizi na iliki zilizopondwa. Epua, tia majani ya chai, funika kwa dakika tano, kisha chuja. Koroga asali chai ikiwa bado ya moto, halafu iache ipoe kabisa. Pasua matunda damu katikati na ukwangue nyama yake kwa kijiko. Ganda litupe, maana lina uchungu. Ponda nyama hiyo pamoja na pasheni, tia vikombe viwili vya maji baridi, chuja mbegu, kisha kamulia ndimu.

Sasa chukua jagi tupu lililo kavu, la udongo au la bati, kwani la kioo huenda likapasuka. Weka kaa la moto chetezoni, dondoshea punje mbili tatu za ubani, na ulifudikize jagi juu ya moshi kwa dakika mbili. Ligeuze, mimina chai na maji ya matunda mara moja, ufunike. Baada ya robo saa tia barafu, uandae.

Lakini sharbati hii isilale. Maji ya matunda yakiachwa katika joto, vijidudu vya hamira hula sukari yake na kuigeuza kileo, kama tujuavyo sote jinsi tembo la mnazi lililo tamu asubuhi linavyokuwa kali jioni. Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akilowekewa zabibu, akinywa maji yake siku ile na ya pili hadi jioni ya tatu, kisha yanayobaki humwagwa au hupewa mwingine. Kwa joto letu la pwani, mimi nashauri inywewe siku ile ile. Ukiona povu na harufu kali, mwaga.

Wakwe zetu walipokuja Mombasa kuturudishia ziara, niliwaandalia sharbati hiyo hiyo. Mama wa bibi arusi alinusa gilasi, akaniuliza moshi ule ni wa nini. Nikamwonyesha chetezo. Matunda na chai ni vya kwao, ubani ni wa kwetu. Alipoondoka alibeba kifuko cha ubani, na habari nilizonazo ni kwamba huko Gatitu sasa jagi hufukizwa kila wajapo wageni.