Joka Lile na Joka Yule: Upatanisho wa Kisarufi katika Hadithi za Kulea Majoka

Katika fasihi ya watoto ya Ulaya imeenea aina ya riwaya ya maajabu ambamo joka haliuawi na shujaa, bali hulelewa naye. Mfano unaojulikana sana ni mfululizo wa Cressida Cowell wa Uingereza, ambao kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 2003: humo mvulana wa Kiviking ahangaika na joka dogo lisilosikia amri, na ujamaa wao hujengwa kwa kulishana, kukemeana na kusameheana. Mwenye kuifasiri hadithi ya namna hii kwa Kiswahili hukabiliwa na swali lisilomsumbua Mwingereza: joka ni “lile” au ni “yule”?

Neno lenyewe latokana na “nyoka”. Jina hilo likitiwa katika ngeli ya JI-MA huwa “joka”, na wingi wake “majoka”. Nalo ndilo lililotumiwa na wafasiri wa Biblia kwa yule mnyama wa vichwa saba katika Ufunuo, mlango wa 12. Bibi Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alionyesha kwamba ngeli za Kiswahili hubeba mawazo, kama ukubwa na udogo. Kwa hiyo msemaji ana hiari. Asemapo “joka lile limeingia”, aona ukubwa na kitisho. Asemapo “joka yule ameingia”, akiri kwamba aliyeingia ni kiumbe mwenye nafsi.

Udogo nao una mashaka yake. “Kijoka” ni neno sahihi. Lakini KI- ni ngeli ya kisu na kikapu, na pia ya kiziwi na kilema. Yaweza kubembeleza, na yaweza kudunisha. Jambo hili ladhihirika zaidi mahali kama Igawa, katika Wilaya ya Mbarali, Mkoa wa Mbeya, kando ya barabara kuu itokayo Makambako kwenda Mbeya. Katika wilaya hiyo Wasangu wakaa pamoja na Wabena, Wahehe, Wasukuma na Wamasai, na Kiswahili ndicho kiwaunganishacho. Kibena na Kihehe vina ngeli maalumu ya udogo, KA- katika umoja na TU- katika wingi, ambayo Kiswahili sanifu hakina. Mtoto aliyezoea ngeli hiyo nyumbani hana budi kujifunza shuleni kwamba KI- hutumika kwa chombo, kwa kilema na kwa kipenzi pia. Mfasiri amwandikiaye afadhali aweke “kijoka” penye mzaha, na “kinda la joka” penye mapenzi. Maana kinda ni mtoto wa ndege, na joka nalo huanguliwa katika yai.

Wala isidhaniwe kwamba kulea dubwana ni wazo geni. Katika ngano za Unguja zilizochapishwa na Askofu Steere mwaka 1870 imo ile ya Sultani Majnuni, ambaye paka wake alikula mifugo, mmoja baada ya mwingine. Kila aliposhtakiwa, sultani alijibu kwamba paka ni wake, na mnyama aliyeliwa ni wake pia. Mnyama yule alipowala hata baadhi ya wanawe, ndipo sultani alipokiri kwamba huyu si paka tena, ni nunda. Na kitinda mimba ndiye aliyekwenda kumwinda. Hapo jina lilitoka katika upendo likaingia katika kitisho. Riwaya ya joka la kulea huifuata njia hiyo hiyo kinyumenyume.

Kiswahili chenyewe kina methali kwa pande zote mbili za shauri hili. “Mtoto wa nyoka ni nyoka,” husema wenye kuamini damu. “Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo,” hujibu wenye kuamini malezi. Hadithi ya sultani yaonya kwamba malezi yasiyo na makemeo ni maangamizi. Riwaya mpya yadai kwamba malezi mema yaweza kuishinda damu.

Basi mfasiri aweza kuionyesha safari hiyo kwa sarufi peke yake. Katika milango ya kwanza na aandike “joka limeuma”. Siku litakapokula mkononi mwa mlezi wake, na aandike “joka amekula”. Mwishoni na atumie umilikishi ule unaoshikamana na majina ya jamaa: husemwa “mwanangu”, “nduguye”, “mwenzangu”, lakini hakuna asemaye “jokangu”. Mlezi atakapomwita joka “mwanangu”, msomaji hatahitaji maelezo mengine.

Hatari iko kwa mhariri. Akilinganisha viambishi vyote tangu mwanzo hadi mwisho kwa kutaka usawa, atakuwa ameisahihisha sarufi na kuiua hadithi. Kadhalika mwalimu akutaye katika daftari la mwanafunzi “joka lile” ukurasa wa kwanza na “joka yule” ukurasa wa tatu, na asiharakie kalamu nyekundu. Kwanza na aangalie ni jambo gani lililotokea katika ukurasa wa pili.