Kliniki nzuri ya methadoni inapimwaje?

Watu wengi huuliza: kliniki hii imewaachisha dawa wangapi? Swali lenye maana zaidi ni wangapi bado wanakuja, na wanapewa dozi gani.

Methadoni hushika vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo heroini hushika, ila hutoka mwilini taratibu. Ndiyo maana kikombe kimoja kwa siku kinaweza kuzuia arosto, yale maumivu ya kukosa unga, bila kumlewesha mtu. Sharti dozi itoshe. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mgonjwa huanza na miligramu 20 au pungufu, kisha hupandishwa polepole, maana haraka inaweza kusimamisha pumzi. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120.

Sasa, mhudumu akimwacha mtu kwenye dozi ndogo akidhani ndiyo usalama, usiku arosto inamkuta, kesho anautafuta unga. Na mkojo ukionyesha heroini, kumpunguzia dozi kama adhabu ni kuzidisha tatizo. Huenda akakata tamaa, akaacha kuja. Hapo ndipo kwenye hatari: mwili hupoteza uzoefu haraka, na kiasi alichokimudu zamani kinaweza kumuua.

Tanzania Bara ilianza huduma hii Muhimbili mwaka 2011. Kama una ndugu anayekunywa dawa kliniki, usimsumbue na "utaacha lini?" Muulize: dozi inakufikisha asubuhi? Kama haimfikishi, mwende wote mkamwambie daktari.