Chupa ya miti, tansio na mafigo

Ndugu wachimbaji, na ninyi wamama wa nyumba: kila siku ya mshahara hapa Kolwezi tunaona zile chupa za maji ya mizizi juu ya meza, kwenye mulango wa kambi. Muuzaji anasema zinashusha tansio, zinaosha mafigo, zinaponyesha mugongo. Chupa moja kwa magonjwa yote!

Hatusemi miti ni uongo. Kuna muti unaoota katika misitu ya Kongo, jina lake Rauvolfia. Mizizi yake iko na reserpini, na tangu miaka ya 1950 madaktari waliitumia kama komprime ya tansio. Nguvu iko. Lakini komprime iko na kipimo, chupa haina. Muti huu ni mukali kuliko ule, muuzaji anajaza tu. Reserpini ikizidi inaleta usingizi na huzuni. Sasa fikirini yule anayeendesha kamyo ya madini usiku. Maua mekundu ya bisapu, yeye, yanaweza kushusha tansio kidogo. Munywe bila sukari, lakini musiache komprime.

Tunaogopa zaidi lavema ya maganda ya miti. Katika hospitali za Afrika, dawa za miti zimeonekana kati ya sababu za mafigo kusimama gafula. Na mafigo hayapige kelele: wakati miguu inavimba, mara nyingi yamekwisha kuharibika sana. Diklofenaki ya mugongo nayo inapandisha tansio na kuumiza mafigo, zaidi kama mutu ametoka jasho siku nzima bila maji. Kuhusu mungwa, OMS inasema chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile ya makayabo na ya kube.

Tunajua sababu watu wanajificha na chupa. Tansio ikifika 14 juu ya 9, mutu anaogopa wataandika hawezi kazi tena. Lakini Kode ya Kazi ya mwaka 2002 inalazimisha mwajiri kutunza mfanyakazi na familia yake, dawa pia. Mwajiri wa sutretansi naye ni mwajiri.

Basi, beba chupa yako mpaka dispansere, onyesha munganga, usifiche. Omba wapime tansio, mukojo na kreatinini ya damu. Wakikukatalia, andika tarehe na saa, leta kwa delege wa sendika siku ileile.