Asiyerudi Wodini

Siku ya kuruhusiwa hospitali ni siku ya furaha. Ndugu hukusanya kanga na chupa ya chai, mgonjwa hupewa mfuko wa dawa, na wa kitanda cha jirani humwombea heri. Lakini mwezi unaofuata una hatari zake.

Mwaka 2009 daktari Stephen Jencks na wenzake walichapisha hesabu ya wagonjwa karibu milioni 12 wa Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayohudumia zaidi wazee. Katika kila watano walioruhusiwa, mmoja alilazwa tena ndani ya siku 30. Miongoni mwa waliorudi baada ya kutibiwa maradhi yasiyohitaji upasuaji, nusu hawakuwa na bili hata moja ya kuonana na daktari tangu watoke wodini.

Ajabu ni kwamba wengi hawarudishwi na ugonjwa uleule. Kwa waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi, ni kama theluthi moja tu hurudi kwa sababu hiyo. Wengine huletwa na maambukizi, figo au mambo mengine. Mwaka 2013 Harlan Krumholz wa Chuo Kikuu cha Yale alieleza kuwa kulazwa kwenyewe humdhoofisha mtu: anaamshwa usiku kupimwa, anazuiwa kula akisubiri vipimo, anapewa dawa za kumlewesha, na misuli inalegea kitandani. Anatoka amepona kimoja, mwili ukiwa umefungua mlango kwa kingine.

Kinga yake si ghali. Eric Coleman wa Colorado aliwapa wazee muuguzi wa kuwatembelea nyumbani, kuwapigia simu, kupanga nao dawa na kuwafundisha dalili za hatari. Waliorudi ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 8.3, dhidi ya 11.9 kwa waliokosa huduma hiyo.

Serikali ya Marekani ilichagua fimbo. Tangu Oktoba 2012, hospitali ambazo wagonjwa wake hurudi kupita kiasi hukatwa malipo ya Medicare, sasa hadi asilimia 3. Idadi ya wanaorudi ilishuka. Kisha utafiti wa 2018 ukaonyesha vifo vya wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi na wa nimonia vimeongezeka baada ya kuruhusiwa. Kama fimbo ndiyo chanzo, wataalamu bado wanabishana.

Basi kuhesabu wanaorudi hakutoshi. Asiyerudi wodini huenda amepona, huenda pia amezikwa. Simu ya muuguzi ndiyo inayojua tofauti.