Usiuze sura tu, uza na kisa chake

Unauza picha za ukutani za wanasayansi? Einstein kila mtu anaye. Jaribu Erasto Mpemba, Mtanzania.

Mwaka 1963, akiwa Sekondari ya Magamba, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi kwenye friji inagombaniwa, akaona asisubiri maziwa yapoe, akayaweka ya moto. Kumbe yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyokuwa ya baridi! Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Yeye akaendelea kuuliza. Mwaka 1969, pamoja na mwanafizikia Denis Osborne, wakachapisha matokeo. Leo dunia inaiita athari ya Mpemba.

Hicho kisa ndicho kinachouza. Kiweke kwa mistari mitatu chini ya mchoro, halafu walenge walimu na wazazi.

Ila chunga mawili:

✅ Usiandike kwamba ya moto huganda haraka siku zote. Wanasayansi bado wanabishana. Mwalimu wa fizikia akiona kosa, mzigo unarudi.

✅ Usichukue picha mtandaoni ukaichapa tu, ina mwenyewe. Mlipe mchoraji, na mwandikiane.

Wewe ungeanza na mwanasayansi gani? Tuambie hapo chini 👇