Gari la Marehemu Baba: Kabla ya Kufungua Bolti, Tulifungua Mirathi

Nyuma ya nyumba yetu hapa Ulyankulu, chini ya mwembe alioupanda marehemu baba, gari lake aina ya Land Rover 109 lilisimama kwa miaka 12 bila kuwashwa. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Watoto walipanda ndani yake wakicheza safari ya Tabora bila kutoka uani. Majani yalioza juu ya boneti masika baada ya masika, nasi tukalizoea kama watu wanavyozoea kisiki.

Mwaka 2021 alikuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Alilizunguka mara mbili, akaligonga kwa kiganja, akataja bei ya kilo. Siku hiyo ndipo nilipokumbuka kwamba gari lile ndilo lililowapeleka hospitali kinamama wengi wa kijiji chetu waliokuwa katika uchungu wa kujifungua, na ndilo lililobeba majeneza ya wazee wetu kwenda makaburini. Nilimwambia mgeni yule kuwa haliuzwi. Jioni nilichukua spana na kuanza kulifungua, nikinuia kulifufua polepole, kwa mikono yangu na kwa kipato changu cha mahindi, karanga na asali.

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipokosea.

Swali la dada

Baada ya wiki tatu, dada yangu mkubwa alikuja kutuzuru. Alikuta silinda hedi imewekwa juu ya meza, kabureta ndani ya beseni la mafuta ya taa, na milango miwili imeegemezwa ukutani. Alisimama kimya kwa muda, kisha akaniuliza: "Kaka, baba alikuachia wewe peke yako?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Nimesoma chuo cha Kiislamu na kufundishwa elimu ya mirathi, na daftari la kamati lina mwandiko wangu katika kila kikao cha kugawa tarika za watu. Nimewahi kuwanasihi wengine kwamba mali ya marehemu haichezewi kabla haijagawanywa. Lakini ndani ya ua wetu nilikuwa nimeshika spana juu ya mali ya warithi watano kana kwamba ni yangu.

Ukweli ni kwamba baba alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, wazee waligawa nyumba na shamba mwaka uleule. Gari halikutajwa kwa sababu lilikuwa bovu. Wengi wetu hufanya hivyo: tunagawa kinachong'aa, na kinacholala tunakiacha kwa yule aliyebaki nyumbani. Lakini sheria ya Mwenyezi Mungu haikutofautisha kati ya mali nzima na mali mbovu. Kama kitu kina thamani hata ya shilingi moja, kina wenyewe.

Nilimwomba dada radhi. Nilikusanya vipande vyote, nikavifunika kwa turubai, na kwa muda wa mwaka mzima sikugusa bolti hata moja.

Hesabu ya gari bovu

Tuliita kikao cha familia. Kwanza tulimwita fundi mmoja na madereva wawili wa siku nyingi wakadirie thamani ya gari kama lilivyokuwa, bovu na limefunguliwa. Walikubaliana juu ya shilingi 2,500,000, bei iliyozidi ya yule mnunuzi wa vyuma chakavu.

Pili tuliuliza madeni, kwa kuwa warithi hawagusi kitu kabla deni la marehemu halijalipwa. Tulitangaza msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Mzee mmoja alikuja kwangu kwa unyonge akaniambia kwamba baba alichukua kwake tairi la akiba mwezi mmoja kabla ya kifo chake, na yeye aliona haya kudai kwa wafiwa. Tulikubaliana naye shilingi 100,000. Miaka 12 mzee huyo alikuwa akitusalimia kila siku, na sisi hatukujua kwamba baba yetu analala kaburini na deni lake.

Zikabaki shilingi 2,400,000. Baba hakuacha wasia juu ya gari, na wazazi wake walikwishatangulia kabla yake. Mama, akiwa mjane mwenye watoto, alistahiki thumni, yaani moja ya nane, ambayo ni shilingi 300,000. Zilizosalia 2,100,000 ziligawanywa mafungu sita kwa watoto wanne: wanaume wawili mafungu mawili kila mmoja, na wanawake wawili fungu moja kila mmoja. Kila fungu lilikuwa shilingi 350,000. Hivyo mimi na mdogo wangu wa kiume tulipata 700,000 kila mmoja, na dada zetu 350,000 kila mmoja.

Ili gari liwe langu ilinipasa kulipa deni la mzee yule na mafungu ya wenzangu, jumla shilingi 1,800,000. Tuliandika makubaliano ya kulipa kidogo kidogo mbele ya mashahidi wawili. Dada mkubwa nilimlipa kwanza, kwa sababu alikuwa na ada ya mtoto. Mdogo wangu alinipa muda mrefu zaidi. Mama, ambaye sote tulidhani angesema amesamehe, alipokea fungu lake lote, akahesabu noti moja moja, kisha akanunua mbuzi. "Mwanangu," aliniambia, "baba yenu alinipa haki yangu akiwa hai. Nanyi msiwe na haya kunipa."

Lilibaki jambo la karatasi. Kadi ya gari ilikuwa bado kwa jina la marehemu. Tulikwenda Mahakama ya Mwanzo, ambayo kwa sheria za nchi yetu husikiliza mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, akateuliwa msimamizi wa mirathi, kisha umiliki ukahamishwa Mamlaka ya Mapato. Nawanasihi wasomaji wasiliruke hatua hii. Gari linaloendeshwa kwa jina la aliyekufa ni ugomvi unaosubiri ajali.

Gari hili na nchi yetu

Baadhi ya vijana wa msikiti waliniuliza kwa nini nihangaike na gari kuukuu wakati pikipiki zimejaa. Niliwajibu kwa historia ya mahali petu. Karne ya kumi na tisa njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Tabora kuelekea Ujiji, na mizigo ilisafiri mabegani mwa wapagazi, Wanyamwezi wakiwa mashuhuri miongoni mwao. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini vijiji vilivyo mbali na stesheni vilibaki na miguu yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa, Nachingwea na hapa jirani yetu Urambo, uliodumu kuanzia mwaka 1947 hadi ulipovunjwa mwaka 1951. Mwaka 1972 yakafunguliwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi hapa Ulyankulu, katikati ya miombo, na hata leo vijiji vyetu vingi vinaitwa kwa namba za barabara. Katika nchi kama hii, gari linaloweza kupita mchanga wa kiangazi na tope la masika lilikuwa uhai wa watu.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo sehemu kubwa ya bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Namba 109 ni inchi zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, sawa na kama sentimita 277. La baba ni la toleo la tatu, lililotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, lenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286.

Kutu haifunikwi kwa rangi

Nilipoanza tena, kiangazi cha mwaka 2022, nilifanya kazi chini ya usimamizi wa fundi mzee aliyewahi kutengeneza magari ya aina hii tangu ujana wake. Kwa kuwa sina gereji, tulifanya kazi kiangazi tu. Mvua zilipoanza Novemba tulifunika kila kitu hadi zilipokwisha.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kusikiliza. Bodi ya aluminiamu hailiwi na kutu kama chuma, hivyo gari huonekana zima. Lakini chesisi ni ya chuma, na huoza kutokea ndani, ambako tope na maji hukaa. Fundi aliigonga kwa nyundo ndogo toka mbele hadi nyuma. Pazima palilia kama kengele, palipooza palitoa sauti ya debe lenye unga. Boriti ya nyuma ilikuwa imekwisha kabisa ingawa rangi yake ilikuwa bado nzuri. Tuliikata, tukachomelea chuma kipya, kisha ndipo tukapaka rangi ya kuzuia kutu. Tuligundua pia kwamba pale aluminiamu inapogusana na chuma penye unyevu, aluminiamu hugeuka unga mweupe, kwa hiyo tuliweka vipande vya mpira katikati.

Injini ilikuwa imekwama. Nilitaka kuilazimisha kwa hendeli. Fundi alinizuia: "Ustadh, ukiilazimisha utavunja ringi, na ringi zikivunjika zitakwangua silinda." Tulimimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye matundu ya plagi, tukaiacha, tukajaribu hendeli kwa mkono mwepesi, tukamimina tena. Siku ya kumi na moja ilisogea upana wa kidole. Siku ya kumi na tatu ilizunguka.

Makosa sikuyakosa. Niliagiza beringi kuu za mhimili kwa haraka bila kutazama namba ya injini. Zilipofika zilikuwa za injini yenye beringi tano, ambayo ilianza kutumika mwaka 1980. Yetu ni ya zamani zaidi, yenye tatu. Fedha za magunia mawili ya karanga zikalala kabatini. Siku ya kuwasha nilibadilisha waya mbili za plagi, injini ikalipuka kwa mshindo kupitia kabureta hadi mbuzi wa mama wakakimbia. Mpangilio wa kuwaka ni silinda ya 1, 3, 4, kisha 2, na injini haina huruma kwa anayehesabu 1, 2, 3, 4.

Iliposhika moto, vijana walitaka tuliingize barabarani. Fundi alikataa hadi breki zikamilike. Mafuta ya breki hufyonza unyevu yakikaa, na masta silinda ilikuwa imeliwa ndani. Kusubiri kipuri hicho kulitugharimu kiangazi kingine. Nilikubali, kwa kuwa gari la kubeba wagonjwa lisilo na breki ni dhuluma kwa abiria na kwa waendao kwa miguu.

Tuliyoyapata

Katika Qur'ani ipo sura iliyopewa jina la chuma, Surat Al-Hadid, na tunasimuliwa habari za Nabii Daudi, amani iwe juu yake, aliyelainishiwa chuma na kufundishwa kutengeneza mavazi ya vita kwa vipimo. Kazi ya mkono si duni mbele ya dini yetu. Watoto wangu, wa kike na wa kiume, sasa wanajua kusoma namba ya spana, na wanajua pia maana ya thumni, kwa sababu waliiona ikihesabiwa mezani. Mama watoto aliniwekea sharti moja nililolitimiza: fedha ya gari isitoke kwenye chakula wala ada, na spana iwekwe chini kabla ya adhana ya Magharibi.

Mwaka huu, baada ya bima na ukaguzi, Land Rover ilitoka uani. Bado haijapakwa rangi, na kioo kimoja ni cha plastiki. Safari yake ya kwanza ilikuwa fupi, hadi makaburini. Mama alikaa mbele, dada mkubwa nyuma yake, na mzee yule wa tairi tulimpitia njiani kwa kuwa alitaka kuja. Tulimwombea baba dua, kila mmoja akiwa amepata chake na hakuna anayemdai mwenzake.

Tulipokuwa tukirudi dada aliniuliza kama gari litawahi kuuzwa. Nilimjibu kwamba likiuzwa, yeye atakuwa wa kwanza kuambiwa. Alicheka, akafungua kioo, akatoa mkono nje kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa watoto.

Ndugu msomaji, huenda uani kwenu nako kuna kitu cha marehemu kilicholala: cherehani, baiskeli, mashine ya kusaga, gari. Kabla hujakitengeneza, kabla hujakiuza, waite wenzako. Mwenyezi Mungu atujaalie wepesi wa kulipa haki za watu, na awarehemu wazee wetu waliotutangulia. Amin.