Sindano za Wachina na Mshipa wa Nyonga

Yapo maumivu ambayo hapa kwetu pwani hupewa kila jina. Huyu husema ni baridi, yule husema ni mshipa, na wapo wasemao ni kijicho cha jirani. Huanzia kiunoni au takoni, yakashuka nyuma ya paja mpaka wayoni, yakichoma kama moto. Aliyeshikwa nayo hata kukaa tahiyatu humwia taabu, na msikitini utamwona akisali juu ya kiti ilhali bado ni kijana.

Mimi ni miongoni mwa walioyaonja, na jamaa hawaishi kuniuliza: Je, sindano za Wachina zafaa?

Kwanza tujue asili yake. Nyongani hupita mshipa wa fahamu ulio mkubwa kuliko yote mwilini. Aghalabu gegedu lililo baina ya pingili za uti wa mgongo huchomoza, likaubana mzizi wa mshipa huo. Wagonjwa wengi hupata nafuu katika wiki chache. Yakizidi miezi 3, maumivu hayo huitwa sugu.

Sindano hizi, yaani akupancha, si sawa na kuumika. Mwenye chuku hutoa damu. Sindano hizi ni nyembamba mno na hazitii dawa yoyote mwilini. Tabibu huzichoma kiunoni, nyongani na mguuni, akaziacha kiasi cha nusu saa. Wachina, walioandika elimu hii zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, husema kuwa husawazisha nguvu za mwili. Wataalamu wa leo husema huamsha mishipa ya fahamu, na ubongo ukatoa vituliza maumivu vyake wenyewe. Nasi tu majirani wa elimu hiyo, kwani madaktari wa Kichina walianza kuja Zanzibar mwaka 1964.

Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliofanywa Uchina kwa wagonjwa 216 wenye maumivu haya sugu. Kundi moja lilichomwa sindano za kweli, jingine za kuigiza, mara 10 katika wiki 4. Waliopata za kweli walipata nafuu zaidi. Lakini Uingereza, mwongozo wa madaktari wa mwaka 2016 uliwataka wasiitumie tiba hii kwa maumivu ya kiuno, yawe yameshuka mguuni au la.

Basi rai yangu ni hii: sindano yaweza kutuliza, lakini hairudishi gegedu mahali pake. Anayeitaka aende kwa tabibu aliyesomea, atumie sindano mpya, wala asiache kutembea. Ama mtu akishindwa kuzuia haja, akifa ganzi baina ya mapaja, au mguu ukimlegea, asitafute sindano wala chuku. Apelekwe hospitali saa ile ile. Mficha maradhi, kilio humfichua.